Mama Namba Hakufa kwa Mengineyo

Ninyi mnaogunaguna huko nyuma kwamba marehemu alikuwa mlevi, gunieni vikombeni mwenu, maana yatakayosomwa hapa ni kweli tupu, na shangazi yake aliyeyaandika hana tena umri wa kumbembeleza mtu aamini.

Marehemu, aliyeitwa Mama Namba kazini na mtaani, alizaliwa tarehe 4 Machi 1968, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule zilizokuwa karibu na nyumbani, kisha chuo cha kumbukumbu za afya, na mwaka 1991 akaajiriwa hospitalini, chumba cha mwisho kwenye korido, kazi yake ikiwa kusoma alichoandika daktari na kuupa kila ugonjwa namba yake, ili kompyuta ijue nani anaumwa nini na apelekwe wapi.

Tarehe 12 Agosti 1995 aliolewa na fundi bomba, mtu mpole hadi anaudhi, wakajaliwa binti mmoja.

Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wenzake wote, kwa kuwa ugonjwa wa nadra, ambao namba yake ingemchukua asubuhi nzima kuitafuta, aliutupia kapu la Mengineyo, na aliowafundisha kazi aliwafundisha hivyo hivyo.

Mwaka 2019 miguu yake ikaanza kucheza bila ruhusa ya mwenyewe, vyombo vikamponyoka, akawa anakaa kitini kama aliyekalia siafu, mtaa ukasema pombe, mpaka daktari wa mishipa ya fahamu alipoutaja ugonjwa kwa jina lake, wa nadra, wa kurithi, akaagiza binti naye apimwe kliniki kubwa, ambako walimrudisha kutoka mlangoni, kwa sababu kompyuta ilisema mama yake anaumwa Mengineyo, na Mengineyo hayarithiwi.

Marehemu akaenda ofisini kwake kwa zamani akigonga ukuta huu na ule, akamuuliza mwanamke aliyerithi kiti chake nani kaandika upuuzi huo, akajibiwa kwa heshima zote, "Dada, si ndivyo ulivyotufundisha?", naye akavuta kiti, akasema haya, leo tufundishane upya.

Kurekebisha kulitaka sahihi ya huyu na muhuri wa yule, na yule yuko likizo, akapanda ngazi zile mume akimshika kiuno, hadi namba sahihi ikaingia mwezi Mei mwaka huu, na tarehe 9 Juni, kumeza kukiwa kumemshinda na mapafu yamejaa, akafariki wodini.

Familia inawashukuru daktari, wauguzi, wafanyakazi wenzake, na majirani kwa viti, hata wale wa pombe, viti vyao ni imara kuliko maneno yao.

Kliniki imempa binti nafasi leo saa nane, na wanaosema aahirishe kwa sababu ya msiba, wakati vidole vyake vimeanza kurukaruka na mnaviona, wamesikika na wanyamaze, mazishi ni saa kumi, tutakutana makaburini.

Pumzika kwa amani, Mama Namba, miguu imetulia.

Msomaji akifika hapa, shangazi ameshamshika binti mkono, ametoka, na mlango ameufunga.