Jina la Marehemu Getini

Baada ya miaka ishirini na tisa katika kampuni yetu ya meli hapa Suva, Mama Vasiti Ravouvou, msimamizi wa usalama wa kompyuta, anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2014.

Alianza kama karani wa tiketi. Baadaye ndiye aliyetufundisha sheria moja: anayeondoka kazini, jina lake lifutwe siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana bado hatujapoa na yaliyotokea Machi 11. Asubuhi hiyo tulikuwa tunalinganisha mifumo miwili. Wa zamani unaweka mlinzi ndani ya kila programu, na kila mlinzi anawajua wageni wake tu. Mpya, proksi, ni geti moja mbele ya programu zote: wote wanapita hapo, na majina yote yanaonekana pamoja.

Mara kwenye skrini likatokea jina la Aminiasi Nakalevu. Pravin, fundi mwenzetu wa kompyuta, akaangusha roti yake, chapati aliyokuwa akila. “Jamani, huyu si tulimzika kisiwani Kadavu?”

Miaka sita marehemu! Meneja akaamuru mtandao uzimwe, akidhani tumevamiwa na wadukuzi. Huko gatini, meli ya kwenda kisiwa cha Koro ilikuwa imejaa, ikisubiri orodha ya abiria.

“Msizime,” alisema Mama Vasiti. “Ni mimi.”

Akatueleza. Programu ya orodha ya abiria aliiandika Aminiasi, na ilitii jina lake tu. Tangu afariki, Mama alikuwa akiingia kwa jina hilo kila asubuhi ili meli ziondoke. Aliogopa kusema, programu isije ikafungwa na visiwa vikakosa meli.

Angeweza kufukuzwa. Meneja alimpa hadi siku ya kustaafu airekebishe. Yeye na Pravin wakaibadilisha itii cheo, si mtu. Kuhusu mifumo, alishauri tuweke geti, lakini mlinzi wa orodha ya abiria abaki: geti linajua nani kaingia, halijui anagusa nini. Kisha akalifuta jina la Aminiasi kwa mkono wake, akatoka nje, akalia.

Juzi Pravin alitaka jina la Mama libaki wiki moja zaidi, kwa heshima.

“Thubutu, wewe! Unataka na mimi niwe mzimu?”

Basi Ijumaa saa kumi litafutwa. Jumamosi meli ya Koro itang'oa nanga, naye atakuwa bado amelala. Vinaka, Mama Vasiti, asante kwa yote. Lala hadi jua lipande, na uwe na afya tele.