Shavu ya Mama Jéthro

Kijiwe ya Mama Berthe iko Butembo, kwenye kona, pale barabara ya Beni inaanza kupanda: ubao moja juu ya mawe mbili, thermos mbili za kahawa, na midomo yenye haijui kupumuzika. Asubuhi ile Falonne alikuwa amekaa mwisho wa ubao, kitambaa kimemufunga kidevu mpaka utosini kama maiti mwenye kungoja sanduku, shavu imevimba kama mandazi. Jino ilimukamata tangu siku tatu. Kufungua mudomo alishindwa. Juu ya mapaja yake Jéthro, wa myezi tatu, alikuwa analia, juu tangu jana jioni mama alimunyima ziwa. Batu ba kijiwe balimwambia maziwa imeingia sumu ya jino. Sasa maziwa ilimujaa, kifua ngumu kama jiwe, na hakuweza kusema neno. Basi bengine bakasema kwa nafasi yake.

— Nilisema jana, narudilia leo, akaanza Marteau, fundi wa viatu. Hapana kunyonyesha. Jino ya mama ikioza, na maziwa inaoza. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali inaingilia wapi? akauliza Mama Berthe.

— Inaingia tu.

Directeur akaweka kikombe chini. Jina yake ni Gustave, mwalimu mwenye serikali ilituma kutoka Kasaï. Cheo chenye serikali ilimunyima, kijiwe ilimupa.

— Bandugu, tuseme kisayansi. Kwa Kifaransa, jino ya mutoto inaitwa nini? Dent de lait. Jino ya maziwa! Bazungu hawakuandika ile bure. Donc jino na maziwa biko na muzizi moja.

Falonne alitaka kumwambia kwamba yake haiko ya mutoto, ni ile kubwa ya nyuma. Akaonyesha kwa kidole nyuma ya taya, ikatoka «mmh» tu.

— Mumesikia? Anakubali.

— Ya nyuma? akaingilia Radio, dereva wa moto, pikipiki ya kubeba batu. Ile ni dent de sagesse, jino ya akili. Ukiing'oa, akili inaifuata. Shangazi yangu wa Kirumba baling'oa yake. Mpaka leo anasalimia mbuzi.

— Shangazi yako nilisoma naye, Mama Berthe akasema. Mbuzi alianza kuzisalimia tukiwa mwaka wa pili.

— Basi dawa ya moto ni moto! Aweke tone moja ya essence ya pikipiki kwa jino. Niko nayo hapa.

— Na mutoto akinyonya?

— Atatembea mbele ya mwaka.

Bakacheka. Marteau hakucheka.

— Mi naogopa ile sindano ya muganga. Inalalisha jino, sivyo? Basi itashuka kwa maziwa, itamulalisha na mutoto. Atalala mpaka Pasaka.

Neno ile njo ilimufunga Falonne miguu. Centre de santé, kwa muganga wa meno, iko pale chini tu, hata kahawa haipoe mbele hujafika. Lakini akamukumbatia Jéthro, akabaki.

Kavugho, mama mwenye kuuzisha mboga, akatokea kwa njia ya Kalunguta, kitunga ya poireaux mugongoni. Akaitua, akaomba kahawa, akaangalia mutoto.

— Huyu analilia nini?

— Ni mambo marefu, mama, Directeur akajibu. Jino ya mama yake…

— Nasikia. Na muganga wa meno alisema nini?

Marteau akaangalia kiatu. Radio akaangalia tairi. Directeur akakunywa kikombe chenye kilikuwa kitupu.

— Hakuna mwenye alimuuliza?

Hakuna.

— Na mimi, akasema Mama Berthe polepole, mwenye kunyonyesha saba, niko hapa nacheka tu. Radio, washa moto! Yaya Kavugho, umusindikize Falonne, acha kitunga, nitakuchungia.

Bakarudi saa sita. Falonne alikuwa na pamba mudomoni, na nusu ya uso imelala. Kavugho akaleta habari, juu ya bale benye kupenda habari.

— Muganga amecheka, kisha amekasirika. Amesema mama mwenye kunyonyesha aseme vile mbele ya yote, muganga njo atachagua dawa. Sindano ya jino haitamulalisha mutoto. Paracétamol akunywe vile bamemwandikia. Maziwa haina kosa. Anyonyeshe sasa hivi.

— Mais, na dent de lait? akauliza Marteau.

— Tuache Kifaransa kidogo, akasema Directeur.

Falonne akakaa, akalegeza kitenge. Jéthro akashika ziwa kama mutu mwenye kushika mwizi. Ikamuchoma Falonne mpaka machozi, kisha kifua ikaanza kulainika, na mutoto akawa anameza, anameza, mukono moja wazi juu ya ngozi ya mama.

Falonne akamugeukia Kavugho. Akatafuta ulimi wake ndani ya ganzi, akasukuma neno ya asante ya kwabo:

— Wathingya.

Ilitoka imepinda, na mate kidogo. Kavugho akaipokea vile vile, kwa mikono mbili.

— Bure tu, Mama Jéthro! bakaitikia banaume batatu pamoja.

Falonne akabaachia. Siku ile alikuwa na asante ya kutosha, hata ya bale.