Pesa ya Shimo Ililala, Unga Ukafika Mwisho wa Mwezi

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, mwaka jana, saa ya kuanika nguo, nilimpoteza mke wangu Athieno. Alikuwa mtu wa Rubongi, karibu na Tororo. Aliniachia watoto watatu.

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naanza na siku hiyo kwa sababu ushuhuda wangu ulizaliwa hapo. Mimi si mtu wa maneno. Shule niliacha darasa la sita, na wengi wenu hamjawahi kusikia sauti yangu humu ndani isipokuwa kwenye "Amina". Leo nimeomba nafasi niseme habari ya unga, maharage na chumvi. Msicheke. Au chekeni, lakini mnisikilize, maana Mungu alinitembelea jikoni.

Naitwa Wandera, nachimba dhahabu Tiira. Shimoni hakuna mshahara. Mnachimba, mnasaga mawe, mnaosha, na kikipatikana kitu mnagawana. Mara mnapata, mara hampati. Na kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika, niliyofundishwa siku ya kwanza niliyoteremka: pesa ya shimo hailali nyumbani. Ukiipata, imalize kabla hujalala. Ukiilaza, shimo litakuja kudai mtu wako.

Niliamini, ndugu zangu. Ukishashuka chini ya ardhi na kamba kiunoni, unaamini mambo mengi.

Kila mgao nilikuwa namkabidhi Athieno mkononi, nikijua ataumaliza sokoni siku hiyo hiyo. Sikuuliza zaidi. Chakula kilikuwepo. Wiki ile alipougua nilikuwa nimempa mgao mzuri sana. Malaria ikampanda kichwani, na kabla hatujajua la kufanya hatukuwa naye. Tulipofungua sanduku lake kutafuta gauni la kumzika, tuliikuta ile pesa yote, imekunjwa vizuri chini ya nguo. Hakuigusa.

Barasa, mwenzangu wa shimoni, alikuwa amesimama karibu. Akanivuta pembeni, akaniambia kwa huruma kabisa, "Ndugu yangu, unaona sasa? Ililala."

Ndugu zangu! Nilimzika mke wangu nikijua mimi ndiye niliyemuua kwa mkono uliompa pesa.

Tangu siku hiyo sikulaza hata shilingi. Nikipata mgao, nilinunua nyama ya kuchoma, chapati, soda kila mtoto na yake, mikate, biskuti, na kikibaki kitu nawaita majirani. Watoto walipiga makofi. Kesho yake tulikula mabaki. Siku zilizofuata muhogo wa kuombaomba, halafu chai ya rangi, halafu maji. Majirani walisema, "Wandera anaponda mali, kilio amesahau." Hawakujua kwamba naogopa. Niliwatazama watoto wale na kutumia kila senti ili shimo lisipate pa kuingilia. Nilikuwa nawalinda na huku nawaua kwa njaa, na sikuona!

Mtoto wangu mdogo, Nafula, ndiye aliyeona. Siku moja ya nyama alichukua vipande viwili akavificha kwenye mfuko wa sare ya shule. Hakuna aliyemfundisha. Alijua tu kwamba siku za maji zinakuja. Zilipokuja, akavila. Vilikuwa vimeoza. Alitapika mpaka macho yakageuka, na tulilala naye kituo cha afya akiwekewa dripu. Muuguzi aliponiuliza mtoto amekula nini, dada yake mkubwa, Nabwire, akajibu badala yangu: "Alikuwa anaweka akiba."

Habari hiyo ilifika Rubongi kabla mtoto hajapona. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita jaja, yaani bibi, akapanda pikipiki akaja.

Mnajua desturi zetu. Mimi na mama mkwe hatutazamani usoni, hatupeani mkono, na yeye hali chakula nyumbani kwangu. Basi aliketi kwenye mkeka nje ya jiko, amenipa mgongo, shuka kichwani. Nami niliketi mlangoni, nimempa mgongo vilevile. Nabwire akasimama katikati yetu kama mkalimani wa mahakama, ingawa kila neno tulilisikia wenyewe.

"Mwambie baba yako nimekuja kuchukua watoto."

"Baba, jaja anasema..."

"Nimesikia. Mwambie jaja nawapenda watoto wangu."

"Mwambie baba yako upendo hauwekwi kwenye sufuria."

Kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kujitetea, nikasema ukweli wote. Nikasema pesa ya shimo hailali, nikasema iliyolala ndiyo iliyomchukua Athieno, nikasema naogopa. Nililia, ndugu zangu, nimempa mama mkwe mgongo.

Sauti yake ikatoka nzito. "Mwambie baba yako mwanangu aliilaza pesa hiyo tangu alipoolewa. Kila mgao. Aliigawa, ya chakula cha mwezi kando, na haikuguswa kwa kitu kingine. Mwulize, mwezi wa mvua, mashimo yakijaa maji na hamchimbi, mlikuwa mnakula nini? Mlikuwa mnakula mashimo?"

Nabwire hakulirudia hilo. Halikuhitaji kurudiwa.

Miaka yote ile! Mvua ilinyesha, tulikaa nyumbani wiki nzima, na uji ulikuwepo asubuhi, na ugali ulikuwepo jioni, nami nilikula na kunyoosha miguu. Sikuwahi kujiuliza umetoka wapi.

Mama mkwe akainuka. Akasema mwezi huu unaisha, ujao ataupisha wote, na siku yake ya mwisho atakuja. Akikuta watoto wamekula kila siku, watabaki. Akikuta njaa, anaondoka nao, na nisimfuate Rubongi.

Masikio yangu yalisikia, lakini moyo ulikataa. Mtu hatolewi hofu kwa kuambiwa.

Siku chache baadaye tuliosha mawe na Mungu akatupa. Mgao ulikuwa mzuri. Ila ulitoka jioni, mvua imenyesha, wenye maduka ya unga wameshafunga. Waliokuwa wazi ni wachoma nyama na wauza pombe. Barasa aliniita kutoka kwenye moshi, "Wandera, njoo! Usibebe hiyo kitu kwenda nayo kwa watoto!" Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa ananiogopea.

Nilisimama barabarani na matope mguuni. Mbele yangu nyama, nyuma yangu nyumba. Nikasema, "Yesu, mimi sijui kama uko shimoni au uko nyumbani. Lakini nabeba pesa hii kwenda nayo. Ukitaka mtu, mimi nipo, hawa waache." Hiyo ndiyo sala yangu, haikuwa na maneno mazuri. Nikaenda nyumbani. Niliiweka ndani ya kopo la unga lililokuwa tupu, nikajilaza mlangoni ili kitakachoingia kinikute mimi kwanza.

Nikaamshwa na kelele. Nabwire na mdogo wake wanagombana ni zamu ya nani kuchota maji. Nafula anaimba wimbo wa shule, anakosea maneno. Jogoo, jua, moshi wa kwa jirani. Wote watatu! Wazima!

Ndugu zangu, nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Watoto walidhani nimeanguka. Maana nilielewa jambo ambalo sijui kulisema vizuri hata leo. Kama pesa hii imelala na haikuua mtu, basi hata ile haikuua mtu. Athieno alikufa kwa malaria. Alikufa kama watu wanavyokufa. Sikumuua! Utukufu kwa Mungu, sikumuua! Na ile pesa iliyokunjwa sandukuni haikuwa deni la shimo, ilikuwa chakula chetu cha mwezi, alichokuwa ametuwekea. Tangu tumzike sikuwahi kumlilia mke wangu kwa machozi safi. Asubuhi hiyo nilimlilia.

Tulikwenda sokoni Busia, mimi na Nabwire. Mimi sikujua nyumba yangu inakula kiasi gani kwa siku. Yeye alijua. Alikuja na kikombe cha plastiki cha mama yake, na kwa kikombe hicho alihesabu uji, ugali na maharage mpaka mwezi ukaisha.

Mama muuza unga aliponiona akapiga kelele, "Eh, Baba Nabwire! Leo iko harusi?"

"Ni ya mwezi," nikasema.

"Mwezi mzima? Nyinyi watu wa dhahabu munanunua ya leo, kesho munakuja kukopa!" Wenzake wakacheka. Mwanamume kununua chumvi, kwetu ni kichekesho.

Nabwire akamwambia, "Mama, cheka, lakini usiweke kidole ndani ya kopo ukipima." Hapo wakacheka zaidi, na kidole kikatoka.

Tukanunua unga, maharage, chumvi, na mukene, dagaa wa kutoka Majanji. Mafuta na sabuni tulivuka mpaka, tukanunua upande wa Kenya, kwa sababu huko ndiko vilikokuwa rahisi. Nilipita mbele ya soda. Nilipita mbele ya mikate. Nawaambia kweli, kupita mbele ya mikate na pesa mfukoni ni kazi kuliko kuchimba.

Mwezi ule haukuwa mtamu. Tulikula kitu kimoja mpaka tukakichoka. Siku moja nilirudi na njaa nikanyoosha mkono kuongeza ugali, Nabwire akavuta sahani: "Baba, hiyo ni ya kesho." Nikarudisha mkono! Mimi mwenye nyumba! Mgao mwingine ulipotoka nikaulaza tena. Shimoni walisema Wandera sasa amekuwa benki. Barasa hakusema kitu mbele za watu, ila kila asubuhi alinikaribia na kuniuliza chini chini, "Watoto wazima?"

"Wazima."

"Wote?"

"Wote."

Naye alikuwa anatikisa kichwa, anashuka shimoni.

Wahubiri hutusomea habari za yule mjane ambaye unga wake haukupungua. Mimi siwezi kuwadanganya, ndugu zangu. Unga wangu ulipungua kila siku, nami niliona ukipungua. Uliisha. Lakini uliisha siku ya mwisho ya mwezi! Hakuna siku tuliyolala na njaa kabla yake. Nilichungulia lile kopo, kikombe cha jioni tu kimebaki chini, nikatetemeka kama mtu aliyeona malaika. Mungu anayetosheleza hivyo, mpaka kikombe cha mwisho, ni Mungu wa kuogopwa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama mkwe. Namshukuru Athieno, aliyefanya kazi hii miaka yote bila kupigiwa makofi. Na wewe ndugu uliyeketi hapa, unayetumia chote leo kwa sababu unaogopa kesho, iwe ni shimo, iwe ni mganga, iwe ni maneno ya watu: mtumaini Yesu kwa usiku mmoja tu. Weka kando chakula cha watoto, ulale. Asubuhi utaona mwenyewe.

Nimalizie na siku ile.

Mama mkwe alikuja jioni, kikombe cha mwisho kimeshapikwa, na begi tupu la nguo za watoto kwapani. Akaketi akanipa mgongo. Akawaita watoto, akawashika mashavu, mikono, matumbo. Akamtuma Nabwire alete kopo, akalichungulia.

"Mwambie baba yako limeisha."

"Mwambie jaja mwezi nao umeisha leo," nikasema. "Pesa ya mwezi ujao iko ndani. Imelala tangu wiki jana."

Nilimsikia akilikunja begi, mara mbili, tatu. Akainuka akaelekea barabarani. Nafula akamkimbilia mpaka kwenye pikipiki akiwa na tonge mkononi. Jaja yake akamgeuza kwa mabega, akamwambia arudi ale kabla chakula hakijapoa, akapanda, akaenda Rubongi peke yake.