Swafia na Watoto wa Gredi ya Pili

Tuktuk ilipotoka Makadara, mama aliyeketi kati yangu na mzee wa kanzu alianza kumhadithia huyo mzee, asiyemjua, habari za bintiye. "Swafia yuko gredi ya tano, na kusoma alikuwa hajui. Walimu wakawa wamuweka saa nzima kila siku na watoto wa gredi ya pili. Nikaenda shule kugomba. Mwalimu Priscah akaniambia ni utafiti wa nchi nyingi: mtoto afunzwe kuanzia pale alipofika, si kwa umri wake. Nikamuapiza yeye na utafiti wake. Jana Swafia kanisomea karatasi ya dawa yangu, neno kwa neno. Sasa sijui niwaombee dua ngapi."

"Utafiti!" mzee akacheka. "Mimi nasomesha Kurani chuoni miaka thalathini, na kila mtoto yuko kwenye sura aliyofikia, mkubwa na mdogo mkeka mmoja."

Mimi, niliyekaa Juzuu Amma, ile ya wanaoanza, mpaka nikaota ndevu, nikageuka kutazama barabara.

"Allah akulipe kheri, Maalim," mama akamwambia. "Na miaka yote hiyo, mbona hamkwenda kuwaambia wenye shule?"

Tuktuk ikasimama Liwatoni. Mzee akashuka, akapiga hatua mbili, akarudi.

"Huyo Mwalimu Priscah, mwanangu, shule yake ni ipi?"