Gladness Alijibiwa "Geti Weli Suni"

Wasikilizaji wapendwa, kuna maneno yamezagaa Igogo tangu siku ya mazishi. Yanasema kuna mama aliandikiwa na mwanaye kwamba anaumwa sana, akamjibu Kizungu, kisha akaendelea kupara samaki. Mama huyo, Dorcas, ameyasikia bombani, akayasikia na sokoni. Akilala anayasikia. Ametuomba tuseme ilivyokuwa.

Tunamkumbuka binti yake, Gladness Nkwabi. Miaka ishirini na mitatu. Fundi cherehani wa Kisesa.

Gladness alitaka kazi ya mapokezi hotelini. Akaanza kusoma Kiingereza. Mwalimu wake akasema kila mwanafunzi atafute mtu wa kufanya naye mazoezi. Gladness akamchagua mama yake, aliyeishia darasa la saba.

"Mwanangu, mimi Kizungu kilinikimbia nikiwa shuleni," Dorcas alimwambia.

"Mama, wewe kazi yako ni kujibu tu. Nikikupa habari nzuri, ina jibu lake. Mbaya nayo ina lake."

Akamnunulia daftari. Dorcas akaandika kama alivyosikia. Habari nzuri: "Gudi fo yu." Habari mbaya: "Aim soli tu hia zati." Mgonjwa: "Geti weli suni," yaani upone haraka.

"Ni sori, mama, siyo soli."

"Si ndiyo hiyo hiyo soli?"

Meseji zikaanza. Sharti lilikuwa moja: atakayeandika Kiswahili ameshindwa.

Wiki ya kwanza ikaingia meseji ndefu. Sokoni Igogo, anakouza sato, Dorcas akampa simu Revocatus, muuza sangara wa meza ya pili, aliyefika kidato cha nne. Revocatus akasoma: amevunjika mguu. Dorcas aliacha sato mezani, akafika Kisesa na aproni yenye magamba. Akamkuta Gladness amesimama mlangoni, mzima, anacheka.

"Mama, yalikuwa mazoezi."

Dorcas alilia kwa hasira. Sokoni walimtania mwezi mzima. "Mama Gladi, mguu umeunga?" Akaapa hatadanganyika tena. Shikeni hapo, wasikilizaji. Aliapa.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, meseji ikaingia. Revocatus akasoma: kichwa kinamuuma sana, anatapika.

"Leo kichwa," akasema. "Kesho atakwambia amejifungua mapacha."

Wakacheka wote wawili. Dorcas akafungua daftari, akaandika: Geti weli suni. Saa tano ikaja nyingine, kwamba hawezi kusimama. Akajibu: Aim soli tu hia zati. Akaendelea na wateja.

Jirani wa Gladness anaitwa Bernadeta. Alimgongea mchana huo mara mbili. Anasema: "Nilimwambia twende hospitali. Akanijibu, acha dada, mama ameshajua, yuko njiani kama siku ile ya mguu. Nikaona ni vyema nimwachie mama yake."

Mama hakuwa njiani. Mama alikuwa Igogo, mezani kwake.

Saa kumi jioni Bernadeta alimkuta hajitambui. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Gladness alifariki alfajiri ya Jumatano. Dorcas alimkuta akiwa hai bado, lakini hamtambui mtu.

"Angeandika neno moja la Kiswahili," Dorcas anasema. "Angeandika 'mama njoo'. Lakini mwanangu hakupenda kushindwa."

Kwa Dorcas, kwa ukoo wa Nkwabi, kwa Bernadeta na Revocatus, ambao nao hawalali, tunawapa pole. Mungu amlaze Gladness mahali pema. Nasi wenye watoto walio mbali, tujiulize leo: mara ya mwisho tuliwajibu nini, na tulikuwa tumesikia?

Haya yaepukwe:

Kutumia habari za ugonjwa kwa mazoezi.

Kumjibu mgonjwa kwa maandishi wakati unaweza kumpigia ukasikia sauti yake.

Kudhani leo anatania kwa sababu juzi alitania.

Kuona aibu ya kufika bure. Fika bure mara kumi.

Kumwacha mgonjwa peke yake kwa kuwa amesema ndugu zake wanajua.

Kumtumia Dorcas pole kwa meseji. Yupo nyumbani. Nendeni mkakae naye.