Mbega wa Kalenda

Gari lilipomaliza kupanda mlima kutoka Muze na msitu wa Mbizi ukatokea dirishani, Bundala, mfugaji aliyekaa siti ya mbele ya Fabiani, akasema ng'ombe wake watakufa kwa kiu wasipopitishwa humo hadi kwenye chemchemi.

"Hawapiti, baba," alijibu Coleta, wa kamati ya msitu ya kijiji, aliyekaa kando ya Bundala. "Wakila miche yote ya miti, mbega mwekundu ataishi wapi? Aina hii ni ya pande hizi tu, kwingine nchini haipo."

Fabiani akatabasamu. Naye alikuwa wa pande hizi tu, hajawahi kuvuka mji wa Laela, na hakuna aliyewahi kumuundia kamati.

"Huyo mbega nani amemwona, mama?" Bundala akageuka nyuma. "Wewe kaka, mwenyeji, umemwona?"

Fabiani alizaliwa ukingoni mwa msitu huo na sasa ana mvi, lakini humo aliingia kuokota kuni, macho chini. Angeweza kusema hivyo. Badala yake akakohoa kama shahidi mahakamani. "Mara nyingi tu. Mweusi, ana mkia mweupe mrefu."

Coleta alifumba macho. "Huyo ni wa kwenye picha za kalenda, kaka. Wetu ana utosi mwekundu."

"Basi," alisema Bundala, "kama mwenyeji hamjui, ng'ombe wangu watamjulia wapi hadi wamsumbue?"

Coleta alikuwa bado anamkodolea Fabiani macho gari liliposimama Majengo, kituo cha kabla ya stendi. Fabiani akashuka wa kwanza, ingawa safari yake ilikuwa ya stendi.