Mita za Kushtuka: Maisha ya Mzee Rula, Mpima Barabara

Marehemu tunayemsindikiza leo, ambaye nyote mlimwita Mzee Rula, alizaliwa alfajiri ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mabati iliyopakana na karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi wa mabehewa na mkewe muuza maziwa. Alipenda kusema kwamba alichelewa kuzaliwa kwa siku kumi na moja, na kwamba tangu hapo hakuchelewa tena. Mama yetu, mjane wake, ana maoni yake kuhusu hilo, ila leo amekubali kunyamaza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, ng'ambo ya reli, kisha akaingia sekondari ya ufundi. Akiwa kidato cha pili aliyapima madawati yote ya darasa na kumthibitishia mwalimu mkuu kwamba ya nyuma yalikuwa membamba kuliko ya mbele kwa vidole vinne. Mwalimu mkuu alimchapa viboko viwili kwa utovu wa adabu, halafu akaagiza madawati mapya. Mwaka 1973 alihitimu stashahada ya upimaji, na tarehe 4 Februari 1974 akaajiriwa na idara ya barabara, chumba namba sita, kile ambacho mlango wake hukwaruza sakafu hadi leo.

Kazi yake ilikuwa kufika mahali gari lilipogonga, baada ya majeruhi kuondolewa, akiwa na chaki, futi kamba na rula ya chuma. Alipima alama za matairi, akaandika, akarudi. Rula hiyo ilimtobolea mifuko ya suruali zote, na ndiyo iliyomfikisha kwa fundi cherehani, binti aliyekuwa na kibanda mbele ya geti la idara. Mara ya tatu alipopeleka mfuko ule ule, alimwomba binti huyo anyooshe vidole, akaining'iniza rula juu yake na kuiachia ghafla ili aone ataidaka kwenye namba ngapi, yaani anashtuka upesi kiasi gani. Rula ilianguka chini.

"Mbona hukuidaka?" akauliza.

"Hukuniambia unaiachia," fundi akajibu. "Na mimi nilikuwa nakuangalia wewe, si chuma chako."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1977, wakajaliwa watoto watatu. Sote tulikua tukidakishwa rula kwenye korido, wakati mwingine tukiwa na sabuni machoni.

Sasa wasifu huu unafika mahali ambapo marehemu mwenyewe alitaka paelezwe bila kupakwa rangi. Mwaka 1988 idara ilitaka kujua kama kikomo cha mwendo kwenye barabara kuu kinaweza kupandishwa kutoka kilomita mia hadi mia na kumi kwa saa, kwa kuwa magari yalikuwa yameboreshwa. Yeye ndiye aliyepewa kipimo. Aliwachukua madereva ishirini na wanne wa idara, akawafungia taa nyekundu kwenye dashibodi, akawaambia: taa ikiwaka, kanyaga breki. Kwa mwendo wa mia na kumi, gari lilikwenda mita ishirini tu kabla mguu haujagusa breki. Aliliandika hilo kwenye jedwali safi, kikomo kikapandishwa mwaka 1990, naye akapewa cheti, tukakitundika sebuleni juu ya redio.

Tarehe 2 Septemba 1993 aliitwa kwenye ajali ya gari la mikate lililokuwa limegonga lori bovu kwa nyuma. Lori lilionekana vizuri, mchana kweupe. Msaidizi wa dereva wa mikate, aliyekaa kiti cha pembeni, alikuwa amefariki. Dereva alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, unga wa mikate kichwani, akasema, "Niliona, mzee. Niliona kabisa. Sijui mguu ulikuwa wapi."

Mzee Rula alipima kutoka mahali ambapo lori lilianza kuonekana wazi hadi alama za breki zilipoanzia. Mita hamsini na mbili. Alipima mara tatu. Ndipo alipoelewa kosa lake: madereva wake ishirini na wanne walikuwa wameambiwa, walikaa wakiisubiri taa, mguu tayari hewani. Barabarani hakuna anayeisubiri taa. Mtu anawaza ada ya shule, anabishana na mkewe, anatafuta wimbo kwenye redio.

Jioni hiyo alikishusha cheti. Mama alipouliza kulikoni, akamweleza yote, na mama akasema, "Si nilikuambia tangu mwaka sabini na saba?" Mzee hakucheka. Aliandika barua akiomba jedwali lake lifutwe. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili: barua yako imepokelewa. Basi akaanza upya. Kwa miaka kumi na minane, hadi alipostaafu mwaka 2011, alipima watu wasiojua kwamba wanapimwa. Umbali gari linaokwenda tangu mtu aone hadi akanyage breki aliuita mita za kushtuka, na wastani wake, kwa mwendo ule ule, ulikuwa arobaini na nane. Kila aliyemwambia haraka haraka haina baraka alimjibu kwamba hiyo ni methali, si kipimo.

Kitindamimba wake alisomea uhandisi, akaajiriwa idara ile ile. Februari mwaka huu alimaliza ripoti inayopendekeza kikomo kipandishwe hadi mia na thelathini, na ndani yake, kama jedwali namba nne, alilitia jedwali la mwaka 1988. Lilikuwa kwenye faili, lina mhuri, na halijawahi kufutwa. Kitindamimba huyo ndiye anayewasomea, kwa hiyo naomba kuanzia hapa niseme "mimi".

Tulibishana, mimi na baba, kwa heshima lakini kwa sauti. Nilimwambia, "Baba, gari la siku hizi linasimama kwa nusu ya umbali wa zamani."

"Linasimama likishaambiwa. Gari limezaliwa juzi, mwanangu, mguu ni ule ule wa Adamu."

"Mengine sasa yanajiambia yenyewe. Yanafunga breki bila dereva."

"Hapo umenibana. Ni mangapi kati ya mia?"

Nilikuwa nimehesabu. "Kumi na moja."

"Na yale themanini na tisa yanapita barabara gani?"

Hakuwa mkaidi, msimfikirie hivyo. Alisema, "Mia na thelathini sikatai. Huenda magari yenu yanaweza. Ninalokataa ni jedwali langu. Liondoe, mpime upya, na mpime watu wasiojua." Nikamjibu, "Nitaangalia, baba." Nilijua siku hiyo hiyo kwamba yuko sahihi. Lakini niliogopa kumwambia mkuu wangu kwamba ripoti ya miezi kumi na minne imesimama kwa mguu mmoja, na mguu wenyewe umevunjika.

Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulimwanza mwaka 2019. Aliugundua mwenyewe kwenye korido: rula aliyozoea kuidaka kwenye sentimita ya kumi na saba akawa anaidaka kwenye ya ishirini na sita. Hakungoja daktari. Aliweka ufunguo wa gari mezani, akamwambia mama, "Leo nimejifukuza barabarani." Mwezi Mei mwaka huu alipata nimonia, akalazwa wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Kila nilipokwenda aliniuliza jambo moja tu, kama jedwali limeondolewa, nami nilimjibu kwamba bado kidogo.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 13 Juni 2023, hatimaye niliandika barua. Ina sentensi mbili: jedwali namba nne liondolewe, kwa kuwa mpimaji wake alikwisha kusema halifai, na kikao cha tarehe 22 kisiamue lolote hadi vipimo vipya vifanyike. Niliisaini, nikachukua nakala, nikafika wodini saa kumi na dakika kumi jioni. Alikuwa amefariki saa tisa na dakika arobaini. Mkuu wangu yupo nasi hapa, na namshukuru kwa kuja. Barua anayo tangu juzi. Ameniambia imepokelewa.

Mzee Rula ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na rula ya chuma ambayo mama amesema haitoki kwenye nyumba yake. Mkirudi leo mtapita barabara kuu. Nendeni mtakavyo, lakini jueni zile mita arobaini na nane hazina dereva.

Wewe lala salama, baba, kazi yako umeimaliza. Mimi niliona mapema. Mguu ndio uliochelewa.